Breki mpya kwenye bomba bovu: Bukavu tuache kujidanganya

Katika garaji za Bukavu, kuanzia Panzi hadi Kadutu na Bagira, kuna sentensi moja ambayo kila mwenye gari ameisikia au ataisikia: "Patroni, nati imegoma." Mara nyingi husemwa jioni. Gari limeinuliwa, gurudumu limetolewa, na vipuri vipya vya breki bado viko ndani ya boksi lake. Jibu la patroni, na kile fundi atakachofanya katika nusu saa inayofuata, ndivyo vitakavyoamua kama abiria wa kesho asubuhi watashuka salama kutoka Kadutu hadi Place de l'Indépendance.

Nati inayozungumzwa ni ndogo. Ni ile inayofunga bomba la chuma la breki, au freni kama tunavyozoea kusema hapa kwetu, kwenye mpira wa gurudumu au kwenye silinda. Kle yake katika magari mengi ya Kijapani ni ya 10. Mtu anaweza kuificha kwenye kiganja cha mtoto. Lakini ikiwa imeshikwa na kutu na haifunguki, kazi nzima ya breki husimama, na hapo ndipo majaribu huanza.

Msimamo wetu ni huu: nati ya breki iliyogoma haipaswi kupitwa pembeni, kupigwa viraka wala kuachwa "kwa sasa". Ama ifunguliwe kwa utaratibu unaofaa, ama bomba likatwe na kuwekwa lingine jipya. Njia ya tatu haipo. Na mzigo wa kuhakikisha hivyo si wa fundi peke yake. Ni wa mwenye gari, wa wanaokusanya kodi ya barabara, na wa sisi abiria.

Kwa nini jambo hili ni letu

Mji wetu umejengwa juu ya milima na kwenye rasi zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu. Karibu kila safari hapa ni kupanda au kushuka. Anayetoka Cimpunda kwenda Nyawera anashuka. Anayetoka Bukavu kwenda Kamanyola kupitia Nyangezi anakutana na miinuko ya Ngomo, ambako barabara inajipinda kando ya bonde na dereva hana mahali pa kukimbilia kama kanyagio likizama hadi chini. Katika mji wa tambarare, breki mbovu inaweza kukusamehe mara moja au mbili. Katika mteremko, haikusamehi.

Pili, mvua. Hapa kwetu inanyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na katika miezi hiyo matope hukaa chini ya gari kama plasta. Yakikauka kiangazi, yanabaki yameshika unyevu kwenye kona ambazo jicho halifiki, na hasa pale bomba la breki linapoungana na mpira, nyuma ya gurudumu. Chuma, maji na hewa vikikaa pamoja, kutu ni suala la muda tu.

Tatu, umri wa magari. Magari yetu mengi yamefika hapa yakiwa yameshatumika miaka mingi Japani au Ulaya. Yale yaliyotoka Ubelgiji, Ujerumani au kaskazini mwa Japani yalipita majira mengi ya baridi, na huko barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo huanza kula bomba na nati kabla gari halijapanda meli. Ukilinunua hapa na rangi yake inang'aa, kumbuka kwamba chini hakuna aliyepaka rangi.

Nne, mizigo. Gari lililotengenezwa kwa idadi fulani ya watu, hapa linabeba watu hao, mifuko yao ya makala, madumu ya mafuta ya mawese, na wengine wawili mlangoni. Ndiyo maana wenye magari wengi sasa wanataka kuongeza nguvu ya breki: diski kubwa zaidi, kalipa nene zaidi, plaketi bora, mipira mipya. Ni wazo zuri na tunaliunga mkono. Tatizo ni kwamba huwezi kuweka kalipa mpya bila kufungua bomba la zamani.

Kile kinachotokea ndani ya bomba

Ili tuelewane, tueleze kidogo jinsi breki inavyofanya kazi. Dereva anapokanyaga, pampu kubwa iliyo mbele yake husukuma mafuta ya breki ndani ya mabomba membamba ya chuma. Katika magari mengi, unene wa bomba hilo kwa nje ni milimita 4.75 tu. Mafuta hayo yanasukuma pistoni za kalipa, nazo zinabana plaketi kwenye diski. Kwa kuwa mafuta hayabanwi yakapungua, nguvu ya mguu inafika kwenye gurudumu papo hapo.

Lakini nguvu hiyo ni kubwa. Dereva akikanyaga kwa hofu, shinikizo ndani ya bomba linaweza kufika bar 100 au kupita. Tairi ya gari ndogo ina bar 2 na kidogo. Kwa hiyo nati ile ya kle 10 inazuia shinikizo kubwa mara arobaini au hamsini kuliko lile lililo ndani ya tairi. Anayeifunga kwa utepe wa mafundi wa maji, kwa gundi, au kwa nyuzi zilizoliwa nusu, anazuia mto kwa kipande cha karatasi.

Ni kweli kwamba magari ya siku hizi yana njia mbili za breki zilizotenganishwa, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Ni kinga nzuri. Lakini hesabu ni rahisi: njia moja ikienda, umepoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha gari, na kanyagio linashuka chini kuliko ulivyozoea. Kwa gari tupu kwenye barabara ya tambarare, dereva mtulivu anaweza kujiokoa. Kwa minibasi iliyojaa, ikishuka kwenye lami iliyolowa, muda wa kutafakari haupo.

Kwa nini nati inagoma

Watu wengi wanadhani nati imegoma kwenye nyuzi zake tu. Mara nyingi kuna jambo lingine baya zaidi. Nati hii ina tundu katikati, na bomba linapita ndani yake. Inapofunguliwa inapaswa kuzunguka huku bomba likiwa limetulia. Kutu ikiingia kati ya nati na bomba, vitu hivyo viwili vinashikana na kuwa kimoja. Fundi akizungusha nati, bomba nalo linajipinda kama nguo inayokamuliwa. Kwa macho linaweza kuonekana bado liko sawa. Ndani lina ufa, na ufa huo unasubiri siku yake.

Kosa la kwanza linalofanywa ni la chombo. Kle ya kawaida yenye mdomo wazi inashika pande mbili tu za nati kati ya sita. Nati ni laini na imekonda kwa kutu. Inateleza mara moja, kona zinaliwa, na sasa hata kle nzuri haiwezi kuishika. Baada ya hapo huja pensi ya kubana, na baada ya pensi huja nyundo na patasi. Kufikia hapo nati si nati tena.

Kosa la pili ni la moto. Baadhi ya mafundi huwasha gesi na kuchoma nati hadi iwe nyekundu, ilhali mpira wa breki uko sentimita chache tu na ndani ya bomba bado kuna mafuta. Mafuta ya breki yanawaka. Mpira uliopata joto kali unaharibika kwa ndani bila kuonyesha nje. Na baadhi ya dawa za kusafishia breki zikikutana na moto hutoa gesi ya sumu. Moto una nafasi yake, lakini ni kwa fundi anayejua, baada ya kuondoa mpira, kumwaga mafuta na kusafisha, si kama njia ya kwanza.

Kosa la tatu ndilo linalotutisha zaidi: kuziba. Nati imegoma, kalipa mpya haiingii, jioni imefika, patroni anapiga simu. Basi bomba la gurudumu lile linakatwa, linapondwa kwa nyundo au kuzibwa kwa msumari, na gari linarudi barabarani likiwa na breki kwenye magurudumu matatu. Linasimama, ndiyo, lakini linavuta upande mmoja. Siku ya mvua, siku mtoto atakapokatiza barabara, litageuka lenyewe.

Kosa la nne ni bomba la friji. Shaba laini ya mafundi wa friji inapatikana kwa urahisi, inapindika kwa mkono, na inaonekana kama suluhisho. Haikutengenezwa kwa kazi ya breki. Mtikisiko wa barabara zetu unaifanya ichoke na kupasuka, mara nyingi pale pale ilipopanuliwa mdomo. Kuna mabomba halali yenye shaba ndani yake, ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo viwanda vya magari vimekuwa vikiyatumia tangu miaka ya 1970 kwa sababu hayashikwi na kutu. Hayo ni mazuri, pengine bora kuliko chuma kwa hali ya hewa yetu. Lakini si yale ya nyuma ya friji.

Utaratibu unaofaa

Tumeona ni vizuri kuandika utaratibu wenyewe, ili mwenye gari ajue la kuuliza na fundi kijana apate pa kuanzia.

Kwanza, muda. Kazi ya nati iliyoshikwa na kutu haianzi siku ya kubadilisha breki. Inaanza siku moja au mbili kabla. Piga nati kwa brashi ya waya hadi uone chuma. Weka mafuta membamba ya kupenya kutu, nje tu, pale nati inapokutana na bomba na pale inapoingia. Yaache usiku mzima. Rudia asubuhi. Hakuna gharama hapa isipokuwa subira.

Pili, kle yake. Ipo kle maalum kwa kazi hii: ni ya duara, lakini imeachwa mwanya mdogo ili bomba lipite, kisha inashika nati karibu pande zote. Si chombo cha ajabu wala cha bei ya kutisha. Garaji inayofungua breki za watu na haina kle hii ni sawa na zahanati inayodunga sindano bila pamba.

Tatu, kle mbili. Pale bomba linapoingia kwenye mpira, mpira nao una sehemu ya kushikwa. Moja inashika mpira, nyingine inazungusha nati. Ukizungusha upande mmoja tu, unapinda kile kishikizo cha bati na bomba pamoja nacho.

Nne, anza kwa kukaza. Inaonekana kama kinyume, lakini kukaza kidogo sana, kiasi cha kuhisi tu, huvunja ganda la kutu. Kisha fungua kidogo, rudisha, fungua tena. Kupiga nati kwa nyundo ndogo kuzunguka pande zake, huku chuma kingine kikiegemea upande wa pili, husaidia vile vile. Muda wote tazama bomba. Likianza kujipinda pamoja na nati, simama.

Tano, jua wakati wa kuacha. Kama kona zimeanza kuliwa, au bomba linazunguka na nati, au bomba lenyewe limebabuka kwa kutu, vita imekwisha. Kata bomba karibu na nati. Sasa unaweza kuvalisha soketi ya pande sita juu ya nati na kuitoa kwa nguvu bila kuogopa, maana bomba hilo halirudi tena. Kukata si kushindwa. Ni uamuzi wa fundi anayejua kwamba bomba la dola chache halilingani na watu waliomo garini.

Sita, bomba jipya na mdomo sahihi. Mwisho wa bomba la breki hupanuliwa kwa mashine ndogo, na ukingo wake hukunjwa mara mbili. Ukikunjwa mara moja tu, kama bomba la friji, utapasuka. Hapa kwetu kuna mtego mwingine, kwa sababu tunachanganya vipuri vya Japani na vya Ulaya. Magari mengi ya Kijapani hutumia mdomo uliofunguka kama faneli, uliokunjwa mara mbili. Mengi ya Ulaya hutumia mdomo wenye umbo la uyoga. Nyuzi za nati zinaweza kufanana na zikaingia, lakini mdomo haukai kwenye kiti chake. Vile vile kuna nati za unene mmoja ambazo nyuzi zao zinatofautiana. Nati ya breki inapaswa kuingia kwa vidole mizunguko kadhaa ya kwanza. Ukihitaji kle tangu mwanzo, simama, hiyo si yake.

Saba, kukaza. Nati hii haihitaji nguvu za mbeba mizigo wa sokoni. Katika magari mengi ni karibu niutoni-mita 15, yaani mkono mmoja uliotulia kwenye kle fupi. Anayekaza kupita hapo ndiye anayempikia fundi wa kesho nati iliyogoma.

Nane, kutoa hewa na kujaribu. Hewa iliyobaki kwenye bomba inafanya kanyagio kuwa kama sponji. Ikitolewa, mtu mmoja akanyage kwa nguvu zote injini ikiwa inawaka, ashikilie dakika nzima, na mwingine apanguse kila kiungo kwa karatasi nyeupe iliyokauka. Karatasi ikilowa, kazi haijaisha. Kanyagio likizama polepole, kazi haijaisha. Jaribio la kwanza la barabarani lifanyike kwenye tambarare, bila abiria. Mteremko usubiri.

Mafuta si mafuta tu

Kuna jambo ambalo hupuuzwa kwenye kazi hii. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana kopo likifunguliwa na kukaa nusu kwenye rafu ya garaji mwaka mzima halifai tena. Mafuta ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, yanapaswa kustahimili angalau nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Gari lenye mzigo likishuka Ngomo huku dereva akikanyaga breki muda wote, joto la diski linapita hapo kwa urahisi. Mafuta yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa, na kanyagio linazama kana kwamba hakuna kitu chini yake.

Maji hayo hayo yaliyo ndani ya mafuta ndiyo yanayotafuna mabomba na silinda kwa ndani. Kwa hiyo anayebadilisha diski na kalipa akabakisha mafuta meusi ya miaka minne amefanya nusu ya kazi. Na anayeongeza mafuta ya injini kwenye kopo la breki kwa sababu "yote ni mafuta" ameua mfumo mzima, kwa kuwa mafuta ya injini huvimbisha mipira ya ndani ya pampu na silinda.

Neno jingine kwa wanaotaka kalipa kubwa kutoka gari zito: kalipa yenye pistoni kubwa inahitaji mafuta mengi zaidi. Pampu ndogo ya zamani inaweza isitoshe, na kanyagio likaenda chini sana. Breki za mbele zikiongezewa nguvu bila kufikiria za nyuma, gari linapoteza usawa. Kuongeza breki ni kuongeza mfumo. Si kuvalisha gari kiatu kikubwa.

Kifungu cha 15 kina mipaka

Sisi Wakongomani tuna kifungu ambacho hakimo kwenye Katiba lakini kila mtu anakijua: Kifungu cha 15, jitafutie njia. Kifungu hicho kimetulisha, kimetusomesha, kimetuvusha katika vita na katika miaka ambayo mishahara haikulipwa. Fundi wa Bukavu anayefufua injini kwa vipande vya magari matatu ni mtoto halali wa kifungu hicho, na tunamheshimu.

Lakini kila kifungu kina mipaka yake. Ukijitafutia njia kwenye redio ya gari, ikizimika umekosa muziki. Ukijitafutia njia kwenye kiti, kikivunjika umekaa vibaya. Ukijitafutia njia kwenye breki, anayelipa si wewe peke yako. Ni mama aliyebeba ndizi kando ya barabara, ni mwanafunzi aliyevuka Essence akiwaza mtihani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na Afrika ndiyo inayobeba kiwango kikubwa zaidi ikilinganishwa na idadi ya watu wake. Sisi tuna vifo vingine vingi ambavyo hatuwezi kuvizuia kwa kle. Hivi tunaweza.

Tunajua jibu litakalotolewa, na halikosi maana. Watasema: "Ninyi waandishi mnaandika tu. Dereva ana pesa ya kumfikishia patroni kila jioni. Gari likilala garaji siku mbili, watoto wanalala njaa. Fundi akisema nati inahitaji usiku mzima, mteja anaenda kwa jirani atakayeipasua kwa dakika kumi." Ni kweli. Fundi mwaminifu hapa mjini mara nyingi anaadhibiwa kwa uaminifu wake. Analipwa kwa kipuri alichobadilisha, si kwa hatari aliyoiondoa, na hakuna anayemlipa kwa kusubiri kutu ilegee.

Lakini tufanye hesabu hadi mwisho. Bomba jipya, nati mbili mpya na kopo la mafuta ni gharama ya siku chache za kazi. Gari lililogonga ukuta ni gharama ya miezi. Mtu aliyevunjika miguu ni gharama ya ukoo mzima, kwa kuwa tunajua ni nani huchangishwa hospitalini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa una milimita 4.75.

Nani afanye nini

Wenye magari waanze. Patroni anayemwambia fundi "fanya haraka, gari litoke leo" ndiye mwandishi wa kwanza wa ajali. Unapopeleka gari kuongezewa breki, nunua mabomba na nati pamoja na diski, na panga siku mbili, si moja. Uliza maswali mawili tu: una kle ya bomba? Umeweka mdomo uliokunjwa mara mbili? Fundi anayejua atafurahi kuulizwa.

Mafundi nao wajipange. Si kila garaji inaweza kununua mashine ya kupanua midomo ya mabomba, lakini garaji tano za mtaa mmoja zinaweza kununua moja na kukopeshana. Na kwa wale wanafunzi wao, vijana wa miaka 15 na 16 wanaolala chini ya magari na kujifunza kwa kutazama: wakimwona mkubwa wao akiziba bomba kwa msumari, hilo ndilo somo watakalolibeba miaka thelathini. Mji huu una shule za ufundi, ITFM ikiwa mojawapo, na kuna INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964. Somo la siku tatu kuhusu mabomba ya breki, kwa mafundi ambao tayari wako kazini na kwa lugha wanayozungumza, lingeokoa watu wengi kuliko semina nyingi za hoteli.

Tunakuja kwa wenye mamlaka. Nchi hii ina kanuni ya barabara tangu sheria nambari 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Ukaguzi wa magari si wazo jipya kwetu. Lakini kila dereva wa Bukavu anajua ukaguzi wa barabarani unavyokwenda: karatasi zinatazamwa, kioo kinatazamwa, mkono unanyooshwa. Hakuna anayeinama kutazama chini ya gari. Kenya iliunda mamlaka yake ya usalama barabarani, NTSA, kwa sheria ya mwaka 2012, na huko magari ya abiria yanatakiwa kukaguliwa kila mwaka. Si kwamba huko hakuna ajali. Ni kwamba mwenye gari anajua kuna siku gari lake litaingia kwenye kituo na mtu atatazama breki.

Yeyote anayetoza pesa ya gari katika mji huu, leo, kesho au kesho kutwa, kwa bendera yoyote na kwa muhuri wowote, ana deni hilo hilo kwa abiria. Anayepokea kodi ya barabara amekubali kubeba barabara na hatari zake. Tunaomba jambo dogo, lisilohitaji mashine ya mamilioni: shimo la ukaguzi, taa, karatasi nyeupe, na mtu mwaminifu atakayekanyaga breki na kutazama kila gurudumu. Waanze na magari ya abiria na malori yanayoshuka Ngomo. Gari lililozibwa bomba lisirudi barabarani kwa faini. Lirudi garaji.

Na sisi abiria, tusijifiche. Ni sisi tunaomhimiza dereva akimbie, na ni sisi tunaopanda wa ishirini. Ukisikia chuma kinakwaruza chuma, ukiona dereva anakanyaga mara tatu ndipo gari linapungua mwendo, au gari linavuta upande mmoja kila linaposimama, una haki ya kusema, na una haki ya kushuka. Nauli yako si thamani ya maisha yako.

Fundi akisema nati imegoma, amesema ukweli, na ukweli huo ni zawadi. Gari linamwambia mwenyewe kwamba limechoka mahali fulani, kabla halijamwambia kwa njia nyingine. Jibu linalofaa ni fupi, na halihitaji shule kubwa: "Basi likate, fundi, tuweke jipya. Nitarudi kesho."